Nilisema Moto Umepoa

Zaina mwanangu,

Salamu za barua nimeziruka. Tumeonana asubuhi, tutaonana jioni ukirudi kutoka kumuaga bibi yako, na mambo ya shuka, dawa, kofia na kutokula chakula cha bandarini mama yako ameyasema mpaka jirani ameyajua kwa moyo. Sina la kuongeza hapo.

Kesho, kabla ya kwenda kupanda boti la Bukavu, utapiga magoti uvute kutoka chini ya kitanda lile boksi la viatu vyeupe vya kukimbilia. Hutaliona. Usimsumbue mama yako, wala usimtilie shaka mdogo wako. Nimelirudisha mimi leo saa tatu asubuhi. Nimeliweka juu ya meza ya yule bwana wa kamera kwa nguvu kuliko adabu inavyoruhusu, na kalamu zake zikaruka. Utakimbia na vile viatu vyako vya mitumba, na nafasi yako kwenye boti nimeipata kwa mjomba wako Kasimu, fundi wa mashine humo. Anasema utakaa karibu na injini na utanuka mafuta mpaka Bukavu.

Nimekasirika, Zaina. Nimekaa hapa kwa fundi wa chukudu, katikati ya hizi baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, juu ya gogo, daftari la mdogo wako likiwa juu ya goti, na kila anayepita ananiuliza nani amekufa. Hasira yangu ina watu wengi ndani yake, na nitawataja mmoja mmoja. Lakini usidhani baba yako amekaa pembeni anawarushia wengine mawe. Mwenye fungu kubwa ni mimi.

Nianze na yule bwana. Alikuja nyumbani wewe ukiwa umeenda kuchota maji. Gari jeupe, begi la kamera begani, maneno matamu kama miwa. Alisema shirika lao limesikia habari za msichana wa Goma aliyeungua nyayo kwenye volkano na sasa anakimbia kilomita ishirini na moja. Watakupeleka kwenye mbio za Bukavu kwa boti la haraka, watakulaza hotelini, watakupa viatu. Nikamkaribisha chai. Kisha akatoa karatasi ya Kifaransa. Wewe unakijua Kifaransa changu, ni cha bariyeri, cha kuwaambia askari bonjour na kuomba msamaha. Nikamuuliza karatasi inasema nini.

"Ni ruhusa tu, Muzee. Ya mafoto."

Foto za nyayo zako. Za chini, pale penye makovu. Zitachapwa kwenye kitambaa kikubwa, kitambaa kitatundikwa pale mbio zinapoishia, na maandishi juu yake: Miguu iliyokanyaga volkano.

"Batu ba Bukavu batalia, Muzee," aliniambia. "Batalia kabisa."

Nikatia sahihi. Kwa herufi zilezile za kuunganisha ambazo babu yako wa Kasongo alinifundisha kwa fimbo, nikaandika jina langu chini ya karatasi inayouza sura ya nyayo za mtu mwingine. Wewe una miaka kumi na tisa. Una kadi yako ya kupigia kura. Kama alihitaji sahihi, mwenye miguu alikuwa bombani, dakika kumi tu, angengoja chai yake iishe. Hakungoja. Anajua baba ni mlango usio na komeo: msifu kidogo, unafunguka. Na mimi nilifunguka hadi ukutani.

Uliporudi nikakuonyesha viatu. Ulivinusa, ukavipiga-piga soli, ukacheka mpaka ukamwaga maji. Halafu nikakuambia habari ya picha. Cheko likakatika. Ukavirudisha viatu kwenye boksi, kimoja hivi, kimoja hivi, ukafunika, ukasema, "Ni sawa, Papa."

Hilo "ni sawa" nalijua. Nimeishi nalo miaka mitatu.

Juzi tukaenda redioni. Yule mtangazaji, kijana wa watu, mpole tu, akafungua mazungumzo kwa kicheko: "Batu ba Goma banajua kukimbia, juu banakimbiaka vita na volkano!" Watu wote chumbani wakacheka. Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka na mdomo wazi. Tangu hapo neno lile limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kukimbia gani? Anayekimbia vita anakimbia na godoro kichwani, mtoto mgongoni na sufuria inayogonga magoti, na hakuna anayemwekea maji kando ya barabara. Wewe uliamka saa kumi na moja alfajiri miaka miwili, baridi ya mlima wetu Nyiragongo ikikukata masikio, ukapanda mpaka Kibati na kurudi, ukapanda na kurudi, hata baada ya wenye bunduki kurudi tena kwenye barabara hii na watu wa Kibumba kuhamia chini ya mahema. Hiyo ni kazi. Hakuna aliyekufukuza. Kama mbio zingekuwa za kuzaliwa nazo kwa sababu tu mji wetu una bahati mbaya, basi Goma nzima ingekuwa na medali, na mimi ningekuwa bingwa wa dunia.

Kisha mtangazaji akauliza: "Na nani alimufundisha kukimbia?"

Ukafungua mdomo. Mimi nikatangulia. "Ni miye," nikasema. "Miye baba yake. Kwenye mupando ya Kibati, nyuma ya chukudu."

Ukainamisha macho. Tulipotoka nje ukanishika mkono tuvuke barabara, kama vile mimi ndiye mtoto. Tangu usiku ule sijalala vizuri, na leo asubuhi nikabeba lile boksi.

Sasa nitaandika kile ambacho hakikusemwa redioni. Wewe unakijua, lakini hujawahi kukisikia kutoka kwangu.

Kabla sijafika kwako nipite Rumangabo. Katika vita vya kabla ya hivi, wewe ukiwa mdogo, nilikuwa utingo wa lori la maharagwe. Tulisimamishwa karibu na Rumangabo na watu wenye bunduki, wakachukua lori, wakatutwika mizigo yao. Mimi nilipewa sanduku la chuma lenye kamba mbili. Nikauliza tunaenda wapi. Mkubwa wao, aliyekuwa amebeba fimbo tu na redio ndogo, akasema, "Ni hapa karibu tu. Beba."

Karibu! Tulitembea kutwa. Kila kona nilimuuliza kwa macho, na kila kona alisema ni karibu, tena bila ubaya, akiamini kabisa, maana kwake ilikuwa karibu. Miguu yake ilikuwa myepesi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nilijifunza siku ile kwamba methali hiyo haina mzaha ndani yake. Walituachia Kalengera jioni, bila lori na bila ngozi mabegani. Nikaapa mbele ya Mungu: maishani mwangu sitamwambia mtu kwamba njia ni nyepesi ilhali mzigo uko kichwani kwake na mimi niko mikono mitupu.

Niliapa, Zaina. Ndiyo maana hasira yangu haina pa kukaa. Asiyejua anaweza kusamehewa upesi. Mimi nilijua.

Unakumbuka tulilala Kibati siku ile ya Jumamosi mlima ulipopasuka. Tulikuwa tumetoka Kibumba na chukudu imejaa viazi, wewe nyuma umeshika mzigo kwenye mteremko, mimi mbele na goti langu la kulia juu ya kile kipande cha tairi. Chukudu ya mbao haina huruma, ikishika kasi hailei mtu. Gurudumu la mbele likapasuka, tukachelewa, na giza likaingia na mbingu ikawa nyekundu. Kama gurudumu lile lisingepasuka, tungekuwa njiani pale pale moto ulipokatiza barabara. Hilo nalo nimelitolea shukrani mara nyingi, na nimelitumia mara nyingi kujifunika, kwamba Mungu alituokoa, basi yaliyofuata ni madogo.

Siku ya tatu watu wakaanza kuvuka. Lava ilikuwa imelala juu ya barabara, nyeusi, upana wa kama viwanja vitatu vya mpira, inatoa moshi hapa na pale. Upande wa pili ni njia ya nyumbani, na mama yako alikuwa hajui kama tuko hai. Hiyo ndiyo sababu ninayowaambia watu. Sababu nyingine ni viazi. Mwenye viazi alinipigia simu mara nne. "Papa Zaina, mavuno yangu yanaoza," alisema. Hakuuliza kama tumekula. Nami nikamwambia, "Leo bitafika." Nilitaka kuwa mtu wa neno lake. Neno langu, juu ya nyayo zako.

Mimi volkano naijua. Ndivyo nilivyokuambia. Ile ya kwanza, nilipokuwa kijana, nilivuka lava katikati ya mji siku chache baadaye, nikarudi nikavuka tena, nikajigamba. Sisi tulioiona ile ya kwanza tuna ugonjwa huu: tunadhani mlima ni shemeji yetu, ukishakunywa naye chai mara moja hawezi kukufanyia ubaya. Nikaiacha chukudu kwa watu, nikabeba mfuko mmoja, nikatangulia. Nilipofika katikati nikasimama. Nikaikanyaga kwa nguvu, mara mbili, mara tatu. Nikasikia joto dogo tu, la jiwe lililoota jua. Nikageuka nikakuita.

Ulikuwa ukingoni na nusu mfuko mgongoni, kamba imekukaza kwenye paji la uso kama wanavyobeba mama zako. Ulijaribu kwa ncha ya mguu. Ukasema, na mpaka leo nakusikia:

"Papa, iko inachoma."

"Ilishapoa!" nikakujibu. "Miye niko juu yake, hauone? Kuya tu!"

Nilikuwa juu yake, ndiyo. Na viatu vya tairi la lori. Sisi watu wa chukudu tunavaa tairi, tabaka mbili, na misumari ndani, kwa sababu mguu ndio breki yetu. Wewe ulivaa kandambili. Sikuinama. Zaina, nisikie hapa: sikuinama niguse kwa kiganja. Ilikuwa kazi ya kuinama tu, kazi ya mtu anayeokota kitufe. Nilipima moto kwa soli yangu, nikakutangazia wewe matokeo.

Uji ukipoa juu, chini unaunguza ulimi. Mtoto wa miaka miwili anajua. Ulikuja. Hatua kumi, ishirini, halafu ukaanza kukimbia. Nikapiga kelele, "Usikimbie! Utaivunja!" Niliogopa ile ngozi nyeusi ipasuke. Ukakimbia hivyo hivyo, kichwa kimeshikwa na kamba, huwezi kutazama unapokanyaga, huwezi kuruka, na mfuko hukuuangusha. Ulinipita. Ulifika ng'ambo mbele yangu, ukapiga magoti, ukautua mfuko polepole kama mtu anayelaza mtoto, ukakaa chini.

Nikafika nimejaa ukali. Nikautazama mfuko kwanza. Sitaki mtu mwingine aje kukuambia hili siku moja, nakuambia mwenyewe: nilitazama kama mfuko umechanika, kisha ndipo nikakutazama wewe. Nikauliza, "Umeumia?" Ukasema, "Ni sawa, Papa." Na harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa imenijaa puani, na bado nikakuamini kwa muda wa pumzi mbili, maana kukuamini kulikuwa rahisi. Halafu nikaona kandambili zako zimekuwa kitu kimoja na nyayo.

Nesi kule chini alipokuwa akizitoa aliniuliza, "Nani alimupitisha huku?" Nikamjibu, "Watu wote walikuwa wanapita." Huo ndio uongo wangu wa kwanza, na ule wa redioni ni mtoto wake.

Unajua ni kitu gani hasa kinanikera? Wazee wenzangu waliokuja kukuona kitandani. Walikaa kwenye viti vyetu, wakanywa chai yetu, wakatikisa vichwa. Mmoja wao akasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alidhani ulikaidi! Alidhani ulikimbilia huko kwa utoto wako. Na mimi nilikuwa pale, na birika mkononi, na sikumsahihisha. Wewe ulisikia la mkuu. Ulilisikia lote, ukalitii lote, na guu likaungua. Methali zetu nyingi zimetungwa na watu waliovaa viatu. Mama yako alitoka chumbani akamtazama yule mzee, akanitazama mimi, akachukua birika mkononi mwangu, akaenda kulimwaga nje. Chai nzima. Wiki ile nzima alizungumza nami kupitia mdogo wako.

Miezi mitatu hukukanyaga chini. Halafu ukaanza kutembea kwa kushika ukuta, na jioni moja ukaniambia kitu ambacho sikukielewa. Ulisema, "Nikitembea polepole ndio inauma. Nikikimbia, hapana." Nikafikiri ni utani. Kumbe ndiyo ilikuwa asili ya kila kitu. Ulianza kwenye uchochoro, kisha mpaka msikitini, kisha mpaka kwenye ua wa uwanja wa ndege. Na ni nani aliyekukataza? Si mimi huyu huyu ninayejidai nilikufundisha? Nilisema mtoto wa kike wa Kiislamu hakimbii barabarani mbele ya wanaume wa chukudu. Nilisema watu watanicheka. Mama yako akakushonea suruali pana chini ya gauni, akaniambia, "Papa Zaina, huyu mutoto ulishamuchagulia njia mara moja. Mara ya pili muache." Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu, na kunyamaza kwangu nikakuita ruhusa, na ruhusa nikaja kuiita redioni mafunzo. Unaona jinsi mtu anavyopanda ngazi ya uongo bila kuona ngazi?

Aliyekufundisha kukimbia ni maumivu yako na ukaidi wako, na mama yako aliyekaa na sindano. Mimi sina hata herufi moja humo.

Nina jambo moja tu ninalolijua kwa haki, kwa sababu nililipata kwa miguu yangu mwenyewe, na hilo nakupa. Bukavu ni mji wa kupanda na kushuka. Wote watakuonya kuhusu kupanda. Mpando hauui mtu, Zaina. Mpando unakuambia ukweli tangu mwanzo, unajua utalipa nini. Wenzangu waliozikwa, waliovunjika nyonga, wote walipata ajali kwenye mteremko, pale ambapo mzigo unakuvuta na upepo unakusifu. Ukifika juu na miguu ikakuambia "nenda sasa", ipe neno lako polepole. Shuka kama unamsindikiza mgeni mzee.

Na pembeni mwa barabara kutakuwa na watu. Watapiga makofi, watakupigia kelele: karibu! imebaki kidogo! Wapende, wana nia njema. Usiwaamini. Hakuna hata mmoja wao atakayekuwa anakimbia. Ukitaka kujua kilichobaki, uliza pumzi yako na uliza nyayo zako, maana hizo zina elimu kuliko wote.

La mwisho kabla adhana ya alasiri haijanikuta hapa kwenye gogo. Ikiuma, sema. Siku ile hukulia. Nilikaa kando ya kitanda chako nikamshukuru Mungu kwa mtoto mwenye heshima. Nilishukuru! Mtoto ameungua na baba anasifia malezi yake. Heshima hiyo siitaki tena. Ningependa mara elfu ungenitupia mfuko ule wa viazi usoni na kusema, Papa, njoo uvue viatu vyako usimame hapa. Kama kuna mtu Bukavu, awe mkubwa wa mbio, awe daktari, awe mume atakayekuja baadaye, atakayekuambia jambo haliumi ilhali linakuuma, usimpe "ni sawa" yako. Umeigawa vya kutosha nyumbani kwetu.

*

Nimeswali, nimerudi, nimeisoma barua tangu mwanzo. Na sasa naandika kwa haraka kwa sababu nimeona kitu, na nimekasirika upya.

Boksi. Nimelirudisha boksi bila kukuuliza!

Nimeandika kurasa hizi zote kulalamika juu ya mtu anayeamua kuhusu miguu ya mwenzake, na asubuhi hii hii nimebeba viatu vyako, vilivyokukaa vizuri, ulivyovinusa ukacheka, nikavitupa juu ya meza ya watu ili niondoke pale kifua mbele. Huenda unataka zile picha. Huenda unataka Bukavu nzima ione, na dunia pamoja nayo. Huenda hutaki picha lakini unavitaka viatu, na wewe ungejua namna ya kumwambia yule bwana, kwa Kifaransa chako kizuri, kwamba anaweza kutoa kimoja bila kingine. Mimi najuaje? Nimekuuliza lini? Tena nimekanyaga kwa tairi langu nikatangaza kwamba pamepoa.

Mwanzo wa barua hii siufuti. Uone jinsi nilivyokuwa nikijisifu.

Hapo niliacha kuandika, nikatoka mbio pale kwa fundi. Mbio kweli, na umri huu, na watu wa chukudu wananipigia miluzi. Nimemkuta yule bwana anafunga mlango. Alinitazama kama mtu aliyeona nyoka yule yule mara mbili.

"Asubui ulirudisha, Muzee. Sasa unataka nini tena?"

Nikamwambia nataka viatu na nataka karatasi. Akasema karatasi ina sahihi tayari. Nikamwambia sahihi hiyo ni ya mtu asiye na miguu hiyo, na kama anaona inatosha, basi apige picha nyayo zangu mimi, atundike, watu wa Bukavu walie vizuri. Nikavua na viatu nimwonyeshe. Mlinzi wa lango akacheka, na nadhani kicheko cha yule mlinzi ndicho kilichonisaidia kuliko hoja zangu. Yule bwana akanipa karatasi. Nikakata jina langu mistari miwili mbele yake. Akasema kwa uchovu kwamba kama msichana anataka, atie sahihi mwenyewe, na kama hataki, shirika litaangalia. Kuhusu viatu akasita, kisha akasukuma boksi kwa mguu mpaka nje ya mlango. Hakuahidi hoteli, hakuahidi lile boti la haraka, na mimi sikuomba. Kama kuna njia ya kuyarudisha hayo, wewe ndiye utakayeijua, na nimeandika namba yake nyuma ya karatasi.

Nimeketi barazani kwetu sasa. Boksi liko kando yangu na karatasi iko ndani, pa kutia sahihi pako wazi. Nilikuwa nimepanga nikunje barua hii, niitie kwenye begi lako kati ya nguo, uikute kwenye boti ukiwa katikati ya ziwa. Nilipanga hivyo tangu asubuhi, nikaona ni jambo zuri, la baba mwenye hekima. Sasa naona ni lile lile. Ungeisoma peke yako, maji pande zote, na mimi huku ng'ambo nimekaa salama nikingoja jibu. Ningekuwa nimekuvusha tena peke yako.

Mama yako anasema unakuja, ameona kitenge chako pale kona, umebeba ndizi za bibi. Anauliza mbona nina macho mekundu. Nimemwambia moshi wa jiko, na jiko halijawashwa.

Fika. Tua hizo ndizi. Vua viatu ukae hapa karibu nami, na mimi nimeshavua vyangu. Nitakusomea yote kwa mdomo wangu, nikikutazama, mpaka pale ulipoketi na kandambili zimeshika nyayo. Na nitakapokuuliza kama inauma, usiseme ni sawa.